Toleo Jipya na Mkono wa Mwalimu Nane

Hakuna mtu katika chuo kile cha ufundi aliyemwita kwa jina lake la kwenye vyeti. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nane, walimu wenzake wakamwita Nane tu, na hata mpishi wa kantini alipokuwa akimpakulia aliuliza, "Nane, nikuongeze mchuzi?" Jina hilo alijipa mwenyewe. Kila mwaka, siku ya kwanza ya mafunzo, aliwasimamisha wanafunzi wapya mbele ya mashine ya kukereza vyuma, akainua mikono yote miwili na kusema, "Hesabuni vidole."

Walihesabu wakapata vinane. Mkono wa kulia haukuwa na kidole cha shahada wala cha kati. Vilikuwa vimeishia kwenye vifundo, ngozi imejifunga laini kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba.

"Miaka kumi na tisa iliyopita nilivaa glavu," aliwaambia wa mwaka huu. "Asubuhi ilikuwa ya baridi, nikaona nivisitiri vidole. Ncha ya glavu ikanaswa na chuma kinachozunguka. Mashine haina chuki na mtu. Ilivuta ilichokishika, ikaendelea na kazi. Kwa hiyo kwenye mashine hii glavu haivaliwi. Kuna swali?"

Hakuna aliyewahi kuwa na swali.

Baada ya ajali ile wengi walidhani ataachana na vyuma. Mama yake mzazi alimtafutia kazi ya kupokea simu kwenye ofisi ya binamu. Alikwenda siku mbili. Siku ya tatu alirudi karakana, mkono bado uko kwenye bandeji, akaomba apewe vyuma chakavu ajifunze upya. Ilimchukua miezi minne. Alijifunza kuzungusha gurudumu la mashine kwa kidole cha pete na kidole kidogo, na kushika skrubu kwa gumba na kidole cha pete, kama mtu anayetoa mwiba. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne akifundisha, na bushi, zile pete za chuma za kushikilia mhimili, zilizokerezwa na wanafunzi wake zilikuwa zikizunguka kwenye pampu na mashine za kusaga za watu wasiomjua.

Miwani ilifika mwezi wa mwisho kabla ya likizo ndefu. Zilikuja sita, kila moja kwenye sanduku lake jeupe, zimefungwa kwa uangalifu kama mayai. Kwenye karatasi ziliitwa miwani za uhalisia mseto. Wanafunzi waliziita bundi, maana aliyevaa alikuwa na uso mpana mweusi na macho makubwa ya vioo, na alikuwa akigeuza kichwa polepole huku na huku kama anayesikiliza panya.

Ukiivaa, uliona chumba kilekile: ukuta, madirisha, mwenzako anayekucheka. Lakini juu ya meza tupu ilitokea mashine nzima ya kukereza, na taya zake za kubania chuma na taa yake ndogo. Ulizungusha gurudumu lisilokuwepo kwa mkono wako mtupu, ukakata chuma kisichokuwepo, na ukikosea hakuna aliyeumia. Nane aliipenda siku ileile.

"Mtoto wa watu akosee humu mara mia," alisema, "kabla hajasogelea kile kinachokata kweli."

Aliyesimamia vifaa hivyo alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa chuo, mtu mzima mwenye upara na subira, aliyeitwa Bwana Mitambo kwa sababu hata friji ya kantini ikizima aliitwa yeye. Alimvalisha Nane miwani, akamkaza mkanda nyuma ya kichwa, akamwambia ainue mikono mbele ya uso ili kamera ziisome.

Nane akainua. Mkono wa kushoto ulichorwa mistari ya samawati hafifu, kidole kwa kidole. Kisha ukachorwa wa kulia. Miwani ilikuwa imemwekea vidole viwili. Pale pasipokuwa na kitu palitokea kidole cha shahada na cha kati, vya samawati, virefu, vikikunjuka alipokunjua vilivyobaki. Alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kwa miaka kumi na tisa hata ndotoni hakuwahi kuviona.

Alipojaribu kushika kitu, vidole vile vilitetemeka, vikazima, na mkono mzima ukatoweka navyo. Maandishi mekundu yakatokea mbele ya macho yake, kwa lugha ya waliotengeneza.

"Yanasemaje?" aliuliza.

Bwana Mitambo alikuwa akifuatilia kwenye skrini ya kompyuta. Alikohoa. "Yanasema mkono wa kulia haujaonekana. Inua mkono wa kulia."

"Nimeuinua."

"Naona, Mwalimu."

"Basi iambie na yenyewe ione."

Walijaribu asubuhi nzima. Miwani ilitaka mtumiaji afinye kwa gumba na kidole cha shahada. Ndivyo ilivyojua kwamba mtu ameshika kitu. Kwa mkono wa kushoto alifinya bila shida. Lakini zoezi la walimu lilitaka mikono yote miwili, wa kushoto ushike ufunguo wa kukazia taya, wa kulia uzungushe gurudumu la kisu. Walimu wanne walilipita siku hiyohiyo. Nane alipata alama kumi na moja kwa mia, nazo, Bwana Mitambo alikiri, zilikuwa za kusimama mahali panapotakiwa.

Mkuu wa chuo alikuwa mama mmoja mrefu aliyependa barua kuliko maneno. Wiki iliyofuata kila mwalimu wa karakana alipata barua: muhula mpya utakapofunguliwa, somo la kukereza litaanza kwa miwani, na mwalimu asiyekuwa amepita zoezi atapangiwa kazi nyingine kwa muda. Kwa Nane kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Yeye angekwenda stoo, kugawa vifaa.

Alikwenda ofisini akiwa ameikunja barua mara nne.

"Sikufukuzi, Mwalimu," Mkuu alisema kabla hajaulizwa. "Wakaguzi wanataka namba. Kila anayefundisha kwa miwani awe amepita. Na toleo jipya linakuja, huenda likakufaa."

"Lina nini hilo toleo jipya?"

"Muulize Bwana Mitambo. Mimi naona picha tu."

Bwana Mitambo alikuwa na karatasi kutoka kwa kampuni, akamsomea taratibu. Miwani mpya itapungua uzito kwa robo. Picha itakuwa safi zaidi, hata maandishi madogo ya kipimo yatasomeka. Itafuata macho ya mtumiaji, ijue anatazama wapi. Itasema Kiswahili. Betri bado haijajulikana.

"Na mikono?"

Aligeuza karatasi upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka hewani.

"Mikono haijatajwa."

"Basi mtu akaitaje," Nane alisema.

Jioni ile alimweleza mumewe, fundi wa makochi, mtu mnene mpole ambaye mifukoni mwake hapakukosa misumari midogo. Alikuwa amekaa sakafuni akivuta kitambaa juu ya sponji, midomo imeshika uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatema uzi.

"Mama, tatizo ni vidole viwili tu?"

"Viwili tu."

"Hilo si la kumtoa mtu jasho."

Kesho yake alimkabidhi glavu ya ngozi laini rangi ya mwili, na ndani yake ameshona vidole viwili vya sponji vyenye waya katikati, vilivyopinda uzuri kabisa. Nane alicheka mpaka akashika ukuta. Alikwenda nayo chuoni, akaivaa, akainua mkono mbele ya miwani, na miwani ikausoma mara moja. Alifinya kwa kukisukuma kidole cha sponji kwa gumba. Ilikubali. Bwana Mitambo alipiga makofi.

"Mwalimu, umemaliza! Fanya zoezi sasa hivi, uandikiwe, tupumzike wote."

Nane alisimama na glavu mkononi. Kupitia vioo aliuona mkono wake mzima, na juu yake mistari ya samawati, na mbele yake mashine inayomsubiri. Kisha akaivua, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Nitasimama mbele ya vijana nimevaa glavu kwenye mashine ya kukereza? Mimi?"

"Lakini hii si mashine ya kweli."

"Wao wanajifunzia hapa ili waende kwenye ya kweli. Mkono unajifunza unachokiona." Akakaa juu ya sanduku moja jeupe. "Halafu kuna yule binti."

Bwana Mitambo alimjua. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msichana mkimya aliyemwagikiwa mafuta ya moto utotoni, vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikapona vimeshikana. Kwenye mashine halisi alikuwa mmoja wa wazuri wawili darasani. Kwenye miwani mkono wake ulitoweka kama ule wa Nane, na tangu wiki ile alikuwa ameanza kuwaambia wenzake kwamba huenda akahamia ushonaji.

"Yeye nimshonee glavu gani?" Nane aliuliza. "Na atakayekuja mwakani?"

Aliandika barua kwa kampuni, Bwana Mitambo akaitafsiri na kuituma. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, likimshukuru mteja mpendwa. Aliandika ya pili. Mteja mpendwa alishukuriwa tena, kwa maneno yaleyale. Nane akaona kwamba anaongea na ukuta, na kwamba malalamiko matupu hayataufungua. Yeye alikuwa mtu wa vipimo. Chuma kikigoma, hukitukani, unakipima.

Alinunua daftari kubwa. Likizo yote, siku tano kwa wiki, alikwenda chuoni asubuhi, akavaa miwani, akafanya majaribio ishirini. Aliandika mwanga ulitoka dirisha gani, mkono uliuinua kwa pembe ipi, alifinya kwa kidole kipi, na miwani ilifanya nini: imekubali, imezima, imeongeza vidole. Alichora mkono wake kutoka juu, chini na pembeni, akaupima kwa kipimo kilekile cha kupimia bushi. Shingo ilimuuma, na mwamba wa pua ukafanya alama nyekundu iliyodumu hadi jioni. Mumewe alimshonea mto mdogo wa kuweka nyuma ya mkanda ili uzito usiangukie wote usoni, na hilo nalo aliliandika: pamoja na mto, dakika arobaini bila maumivu, bila mto, kumi na nane.

Wiki ya tatu aligundua jambo. Akifinya kwa gumba na kidole cha pete, huku ameulaza mkono ubavu kama anayemega mkate, miwani ilikubali mara saba kati ya ishirini. Alirudia siku iliyofuata, ikakubali mara nane. Ina maana ilikuwa inaweza kukiona kidole cha pete. Ilikuwa tu haijaambiwa kwamba kinatosha.

Kabla likizo haijaisha, mwakilishi wa kampuni alikuja kuonyesha toleo la majaribio. Alikuwa kijana nadhifu mwenye viatu vilivyong'aa, na alizungumza ukumbini mbele ya Mkuu, wajumbe wa bodi na walimu. Alieleza uzito, picha, macho. Alimvalisha mjumbe mmoja wa bodi, mzee mwenye tumbo, ambaye alikwepa mashine isiyokuwepo akagonga meza iliyokuwepo, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akauliza kama kuna maswali, kwa sauti ya mtu anayekusanya vitu vyake.

Nane akasimama. "Toleo jipya linasoma mikono ya aina gani?"

"Mikono yote, mama. Ya wakubwa, ya wadogo, ya rangi zote."

Akainua wa kwake. "Na huu?"

Kijana aliutazama. "Watumiaji wengi..."

"Mwanangu, hiki ni chuo cha ufundi. Humu tunafanya kazi na misumeno, mashine na moto. Ukienda kwenye karakana yoyote, ukiwapanga mafundi mstari, utaona wangapi wana vidole kumi. Mmetengeneza miwani ya kufundishia ufundi isiyoijua mikono ya mafundi."

Mkuu wa chuo aliinamisha uso akaandika kitu. Kijana hakuwa mtu mbaya. Aliweka chini kile alichokuwa anapakia.

"Sitakudanganya," alisema. "Mimi nauza, sitengenezi. Nikikuahidi nitakuwa naropoka."

"Sihitaji ahadi. Nahitaji uwapelekee hili wanaotengeneza mikono." Akampa daftari. Lilikuwa na kurasa themanini na mbili.

Kijana alilifungua kwa adabu tu, kama mtu anayepokea zawadi ya jirani. Alipofika kurasa za michoro akavuta kiti. Alikaa nalo nusu saa huku wajumbe wakinywa chai, kisha akaomba ruhusa ya kulipiga picha, ukurasa kwa ukurasa.

Siku kumi na mbili baadaye ilikuja simu ya video. Kwenye skrini alikuwepo mhandisi, mwanamke mwenye nywele fupi, ambaye kazi yake ilikuwa kuifundisha miwani kusoma mikono na si kingine, na yule kijana akitafsiri. Mhandisi alikuwa amezichapisha kurasa zote na kuzibandika ukutani nyuma yake. Aliuliza maswali kuhusu pembe na mwanga, na Nane akajibu bila kutazama popote. Mwishoni mhandisi akasema wanaomba kuurekodi mkono wake, wauingize kwenye mafunzo ya programu.

"Wangu tu?"

"Ndiyo, kwa kuanzia."

"Mkirekodi wangu tu, mtatengeneza miwani ya mtu mmoja. Nipe siku nne nikuletee watu."

Aliwapata kumi na wawili. Alimpata mchinjaji wa sokoni asiye na kidole kidogo, maseremala wawili walioachwa na vipande vya vidole, mama wa mashine ya kusaga nafaka aliyebaki na gumba na vidole viwili, na mzee mchomeleaji ambaye mkono wake ulikuwa umekauka ukabaki umekunjika. Binti wa mafuta ya moto aliitwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana kazi nyumbani.

Mara ya pili Nane alimfuata kwao. Alimkuta akianika nguo.

"Mwalimu, mimi sitaki kuangaliwa mkono," binti alisema.

"Hata mimi sikutaka. Mwaka mzima nilitembea nao mfukoni." Nane alichukua shuka upande wa pili, wakalikamua pamoja. "Sikuja kukubembeleza. Nimekuja kukuuliza unataka kukereza au hutaki. Ukisema hutaki, namalizia kuanika na wewe naondoka."

Binti alibana kibanio, akabana na cha pili. "Nataka," alisema.

Siku ya kurekodi karakana ilijaa vicheko kuliko siku yoyote. Mchinjaji alipovaa miwani alidai mzani uletwe. Mama wa mashine ya kusaga, alipowekewa vidole vya samawati, alipiga ukelele, kisha akavigusa kwa mkono mwingine, mkono ukapita katikati ya hewa. Nane alimshika bega. Walirekodi hadi saa kumi alasiri: kufinya, kushika, kuzungusha, kuachia.

Halafu toleo jipya likachelewa. Barua ya kampuni ilisema wiki sita. Muhula ukafunguliwa, na Nane akaenda stoo.

Hakwenda kimya. Aliandika barua yake mwenyewe, kwa kuwa Mkuu alipenda barua, akiomba zoezi lirudiwe wiki ileile toleo jipya litakapofika, na nafasi yake isijazwe kabla ya hapo. Mkuu alitia sahihi bila kubadilisha hata nukta. Nane akaingia stoo, akapanga upya spana zote kwa ukubwa, akafuta kutu kwenye tupa, akaanza kugawa vifaa kupitia kidirisha chenye nondo. Siku ya tatu mwanafunzi aliyekuja kuchukua kisu cha mashine aliuliza akiweke kwa kimo gani. Nane alimweleza kupitia nondo. Siku ya nne walikuja wanne. Wiki ya pili foleni ya kidirishani ilifika mlangoni, na nusu yao hawakuwa na haja na kifaa chochote. Mwalimu aliyeshika darasa lake alilalamika kwa mzaha kwamba stoo imemmezea wanafunzi, kisha naye akaja kuuliza kuhusu taya zinazoyumba.

Zilikuwepo siku mbaya. Kuna mchana mmoja aliwasikia wanafunzi upande wa pili wa ukuta wakihesabiwa alama za miwani, na akajikuta amekaa juu ya debe la boliti, ameshika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama siku ya ajali. Kama toleo likija vilevile? Alijiuliza hilo mara moja tu. Alijijibu kwamba ataanza daftari la pili, akainuka, kwa sababu kulikuwa na mtu dirishani.

Toleo jipya lilifika siku ya mvua. Bwana Mitambo alikuja stoo mbiombio, upara umelowa, akamwambia afunge kidirisha.

Miwani ilikuwa nyepesi kweli. Shingo yake iliijua tofauti kabla hajaambiwa. Picha ilikuwa safi, hata aliziona nyufa za rangi ukutani. Betri ilikuwa ileile, saa mbili na ushee. Ilisema Kiswahili kama mtangazaji wa redio mwenye mafua: "Karibu. Tafadhali tuonyeshe mikono yako jinsi ilivyo."

Nane akainua. Mistari ya samawati ikatembea kwenye mkono wa kushoto, ikahamia wa kulia, ikazunguka gumba, ikafika kwenye vifundo viwili vilivyofungwa, ikavizunguka, ikaendelea hadi kidole cha pete. Haikuongeza kitu. "Chagua kidole cha kufinyia," miwani ikasema. Akafinya kwa cha pete. "Asante."

"Inasemaje huko?" Bwana Mitambo aliuliza, ingawa alikuwa anaona yote kwenye skrini.

"Inasema asante," Nane alijibu.

Zoezi la kwanza lilimwangusha. Kidole cha pete kilisomwa kwa kuchelewa kidogo, na kisu kikazama kwenye chuma. Alama sitini na nane, wakati za kupita ni themanini. Bwana Mitambo alitaka kuandika barua ya kulalamika. Nane alimwomba maji, akanywa, akakaa dakika tano akiwaza. Mashine yake ya zamani, ile halisi, nayo ilikuwa na gurudumu lililochelewa, na alikwisha kuizoea kwa kuanza kuzungusha mapema kidogo. Akarudi, akaanza mapema kidogo. Themanini na sita.

Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe karakana, bila barua. Alimkuta Nane akifunga aproni.

"Mwalimu, darasa lako linakusubiri kuanzia kesho."

"Linanisubiri tangu muhula ulipofunguliwa," Nane alisema. "Na nina ombi. Wiki mbili za kwanza waguse mashine halisi ikiwa imezimwa, wajue uzito wa chuma, wasikie ubaridi wake. Miwani baadaye."

"Niandikie," Mkuu alisema, wakacheka wote wawili.

Kwa binti mambo hayakunyooka hivyo. Toleo jipya liliuona mkono wake, lakini vidole vilivyoshikana lilivichukua kama kimoja kinene, na kila baada ya muda lilimwangushia ufunguo. Alipata hamsini na tisa, kisha sitini na nne. Yule mhandisi aliandika kwamba wanaendelea nalo, na kwamba wanahitaji rekodi zaidi za mikono iliyoungua. Binti alijibu mwenyewe barua ile, kwa mwandiko wa kubana, akitaja siku na saa atakazokuwa karakana. Wakati huohuo alama za wanafunzi, tofauti na za walimu, zilihesabiwa pia kwenye mashine halisi, na huko hakuna aliyemkaribia.

Wiki ya saba tangu Nane arudi darasani, mwenye kisima kimoja alileta pampu iliyokufa, bushi imelika upande mmoja. Nane aliitazama, akaizungusha mkononi, akamkabidhi binti pamoja na kipande kipya cha shaba.

"Peke yangu?"

"Mimi nitakuwepo."

Binti alikaza kipande kwenye taya, akavaa miwani ndogo ya kawaida ya kuzuia vumbi, akawasha. Shaba ilianza kuchomoka kwa nyuzi nyembamba za dhahabu, zikijisokota na kuanguka miguuni. Mara mbili Nane alitaka kunyoosha mkono amrekebishe, mara mbili akajizuia. Binti alizima, akapima, akakunja uso, akatoa shaba ya unene wa unywele mmoja zaidi. Akapima tena.

Aliingiza bushi kwenye pampu kwa kiganja. Iliteleza ndani mpaka mwisho wake na kukaa, bila nyundo.

"Mwite mwenye kisima," Nane alisema, "aje achukue maji yake."